Simba Jike Huchagua

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, nilitumia methali hiyo kueleza fundisho la Charles Darwin la mwaka 1871: viumbe hawakubadilika kwa kupigania uhai tu, bali pia kwa kupigania mwenzi. Madume hushindana, majike huchagua.

Ushahidi ulikuja kupatikana hapa jirani. Huko Serengeti, Peyton West na Craig Packer waliweka porini sanamu za simba dume. Mwaka 2002 walitangaza matokeo: simba jike waliifuata sanamu yenye manyoya meusi shingoni, na madume waliikwepa. Manyoya meusi humtesa mwenyewe kwa joto, lakini ndiyo hati yake ya afya na nguvu.

Na binadamu je? Tazama nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6. Mwaka 2016 Profesa Fidelis Masao na wenzake walitangaza nyayo nyingine za hapo, za mmoja aliyekisiwa kimo cha sentimeta 165, akiwapita wenzake wote. Walidhani huenda alikuwa dume mwenye majike kadhaa, kama gorila. Tangu enzi hizo tofauti ya miili imepungua. Leo mwanamume humzidi mwanamke kimo kwa kiasi kidogo tu.

Lakini kwetu Tarime nguvu ilihama kutoka mwilini ikaingia zizini. Aliyeshinda ni mwenye ng'ombe, na aliyechagua ni baba.

Ndugu msomaji, mimi ni baba wa namna hiyo. Mwaka 1994 nilipokea ng'ombe kwa ajili ya binti yangu bila kumuuliza, ingawa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Baada ya miaka sita alirudi nyumbani na watoto wawili. Akaniambia, "Baba, wanafunzi wako uliwaambia majike huchagua." Sikuwa na jibu.

Sisemi binti ni simba, wala maumbile si sheria. Nasema nilijua, nikafundisha, nisitende.

Mwaka jana washenga walikuja kumposa mjukuu wangu. Nikamwita yeye kwanza, mbele ya mama yake. Alikataa. Washenga wakanywa uji, wakaaga.