Kumlea Ndama wa Plau Kabla ya Kumtia Nira



Ndugu zetu wa Mlabani, Ifakara, wametuuliza kuhusu ndama madume wanaolelewa ili waje kuvuta plau katika mashamba ya mpunga. Vitabu vyetu vinazungumzia sana farasi na ngamia. Lakini bonde la Kilombero ni nchi ya mbung'o, na farasi hastahamili nagana. Anayeshika kazi yake huko ni maksai, na hukumu zake zimo katika milango ile ile.

Jambo la mwanzo ni maziwa. Imaam an-Nawawiy amesema katika Minhaaj, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma chuoni, kwamba mnyama asikamuliwe kiasi cha kumdhuru mwanawe. Anayemaliza chuchu zote nne asubuhi na jioni ili auze mjini, kisha akashangaa dume lake kudumaa, amekula haki ya ndama na hasara imemrudia mwenyewe. Humo humo imo kwamba mmiliki akikataa kumlisha mnyama anayeliwa, hulazimishwa amuuze, amlishe au amchinje. Hilo ni la kadhi kulitekeleza, si nasaha tu.

Kuhasi wanazuoni wamekhitilafiana. Kwa Shaafi'iyyah, mnyama anayeliwa inajuzu kumhasi akiwa mdogo, na akishakuwa mkubwa haijuzu. Asiyeliwa, mfano wa punda wa kufugwa, haijuzu kabisa. Basi mwenye kungoja mpaka dume lifike miaka mitatu na lianze ukali, ndipo aite vijana walilaze chini kwa kisu, amekosea wakati na amekosea njia. Bwana mifugo aitwe mapema. Koleo iitwayo burdizo hubana mishipa bila ya kukata ngozi, na penye unyevu na nzi wengi, kukosekana kidonda ni jambo kubwa.

Muulizaji mmoja amenunua ndama aliyekwisha kupigwa chapa ya moto shavuni, na ana khofu kwamba kazi yake na nyama yake si halali. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimuona punda aliyechomwa chapa usoni, akamlaani aliyefanya hivyo. Na amekataza pia kumpiga mnyama usoni. Dhambi ni ya aliyechoma, naye atubu. Mnunuzi hana kosa, na ndama ni halali kwa kazi na kwa nyama. Ila chapa hiyo ikififia asiirejeshe. Akitaka alama, sikio lipo: Anas (Radhiya Allaahu 'anhu) alimuona Mtume akiwatia kondoo alama masikioni.

Mazoea yaanze udogoni, kabla ya nira. Ndama avishwe kamba laini akiwa bado ananyonya, ashikwe mgongo, miguu na pembe zinapochipuka, aitwe kwa jina moja lisilobadilika, na atembezwe pamoja na mwenzake watakayefungwa naye. Kazi ingoje mpaka karibu miaka miwili au mitatu, mifupa ikomae. Tumeona vijana wakimfunga wa mwaka mmoja kwa sababu mvua zimeshafika na jirani ameshalima. Huyo huharibika mabega, kisha huitwa mvivu na kuchapwa. Katika Abu Daawuud kimo kisa cha ngamia aliyemlalamikia Mtume njaa na kuchoshwa na bwana wake, na bwana yule akakemewa.

Ama zaka, maksai wanaolima hawana zaka katika madhehebu yetu. Ndama anayelelewa tu, ambaye hajavuta chochote na anajilisha malisho ya bure, anahesabiwa pamoja na kundi likifika ng'ombe 30, kwani hukumu inafuata kazi, si nia ya mwenyewe.

Wallaahu a'lam.