Kalibre 12 ya baba: historia ya mtutu laini na mtutu wa mifereji



Katika mkutano uliopita lilikuja ombi ambalo komite haikuwahi kupokea. Mwenzetu mmoja, tuliyevuka naye ziwa kutoka kambini Tanzania, alikuta bunduki ya marehemu baba yake imetunzwa na ndugu: kalibre 12 ya mitutu miwili, kitako kimepasuka, lakini karatasi zake zipo. Viboko wanamaliza mpunga wake. Fundi mmoja akamwambia anaweza kuigeuza iwe karabini ya wanyama wakubwa, mitutu miwili vilevile. Akaomba mkopo wa sanduku. Komite ilikataa, na maneno yakawa mengi. Wengine walisema: Wazungu wamebadilisha bunduki miaka mingi wakasifiwa, mbona fundi wetu anadharauliwa?

Neno hilo lina ukweli ndani yake, si la kupuuzwa. Ndiyo maana tumeona tuandike historia yenyewe, ili kila mtu ajue komite ilitazama nini.

Namba 12 maana yake nini

Wengi tunasema «kalibre 12» bila kuuliza hiyo 12 imetoka wapi. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, uigawe vidonge 12 vilivyo sawa. Upana wa kidonge kimoja ndio upana wa mtutu wa kalibre 12, yaani karibu milimita 18 na nusu. Ukigawa ratili hiyo vidonge 4, unapata kalibre 4. Kwa hiyo namba ikipungua, mdomo unapanuka.

Mtutu wa kalibre 12 ni laini ndani. Umetengenezwa kutawanya marisau kwa ndege na wanyama wadogo. Ukitia kidonge kimoja kikubwa, kitatoka, lakini mbali kidogo hujui kitaelekea wapi. Karabini ni kitu kingine. Ndani ya mtutu wake kuna mifereji inayojikunja, inaishika risasi na kuizungusha kama pia, ndiyo sababu inakwenda moja kwa moja.

Wawindaji wa zamani na mtutu laini

Kabla ya baruti za kisasa, hata Wazungu waliwinda tembo kwa mtutu laini. Wale waliokaa Tanzania wanalijua jina la Selous, kwa sababu ya mbuga kubwa ya huko. Mwenyewe aliuawa vitani Behobeho, Januari 1917. Alipofika Afrika ya Kusini mwaka 1871 alikuwa bado kijana. Akawinda kwa bunduki za bei rahisi za kalibre 4, za kushindilia kwa mbele, kidonge kimoja robo ratili. Siku moja bunduki ilikataa kulia, ikashindiliwa tena juu ya baruti ya kwanza. Alipofyatua, ilimtupa chini. Aliandika baadaye kwamba bunduki hizo zilimharibia mishipa, akatamani asingezigusa kamwe.

Mwaka 1885 ofisa mmoja Mwingereza, George Fosbery, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake, na kampuni ya Holland & Holland ya London ikaununua. Akili yake ilikuwa hii: mtutu ubaki laini karibu wote, mifereji ikatwe kwenye sehemu ndogo tu karibu na mdomo. Bunduki ileile ikarusha marisau asubuhi na risasi moja nzito jioni. Wakaiita Paradox, yaani kitu kinachojipinga chenyewe. Hii ndiyo bunduki ya kwanza yenye sifa iliyounganisha kazi mbili ambazo mwenzetu alitaka kuziunganisha. Lakini angalieni: haikuwa bunduki ya zamani iliyochokonolewa. Ilitengenezwa hivyo tangu mwanzo, na baruti yake ilipimwa kufuatana na unene wa mtutu wake.

Baruti mpya, mgandamizo mpya

Mwaka 1898 nyumba ya John Rigby ilitoa kartushi ya .450 Nitro Express, yenye baruti isiyo na moshi mwingi. Hapo mambo yakabadilika. Risasi ikawa nyembamba kuliko vidonge vya zamani, lakini ikaenda kwa kasi kubwa na kuingia ndani ya mfupa. Karabini ya mitutu miwili ikawa silaha ya wawindaji matajiri. Sababu yake ni rahisi: mtutu wa kwanza ukikosa, wa pili uko tayari bila kuvuta kitu, na kila mtutu una kifyatulio chake. Kimoja kikiharibika mbele ya nyati, cha pili kinakuokoa.

Lakini bei ilikuwa kali. Mitutu miwili iliyounganishwa haipigi mahali pamoja yenyewe tu. Fundi anaiunganisha, anapiga, anatazama shabaha, anaifungua tena, anaisogeza kidogo sana, anaunganisha upya. Kazi hiyo inakula siku nyingi na kartushi nyingi. Kwa sababu ya gharama, wako mafundi wa Ulaya na Marekani wanaochukua mwili wa bunduki ya marisau na kuujengea mitutu ya karabini. Hapo ndipo habari ya fundi wetu ilipotoka, wala si uongo. Ila wao wanaitoa mitutu ya zamani wanatia mipya ya chuma kinene, na si kila mwili wa bunduki wanaukubali. Kartushi za karabini hizo kubwa hugandamiza chuma mara tatu na zaidi ya kartushi ya kalibre 12. Chuma kisichoweza, kinapasuka karibu na uso wa mwenye kupiga.

Ubelgiji inalijua jambo hilo tangu zamani. Mji wa Liège ulikuwa na amri ya kujaribu mitutu tangu mwaka 1672. Bunduki inapigwa kwa baruti kali kuliko ya kawaida, na ikivumilia inagongwa alama. Wenye kalibre 12 za wazee watazame karibu na mwanzo wa mtutu: kama imetoka Liège huenda wataona herufi ELG ndani ya umbo la yai. Alama hiyo inasema mtutu ulijaribiwa kwa kazi ya marisau. Haisemi kitu kingine.

Kwa nini mtutu laini ulibaki kwetu

Sasa tufike nyumbani. Katika karne ya 19 misafara ya pembe ilipita ziwani petu, kutoka pwani hadi Ujiji na kuvuka kwenda Manyema. Bunduki nyingi zilizokuja nayo zilikuwa za gumegume au za fataki, za kushindilia. Viwanda vya Liège vilinunua bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya, vikazitengeneza upya na kuziuza Afrika. Kwa hiyo kubadilisha bunduki si jambo geni katika historia yetu. Sisi wenyewe tuliuziwa bunduki zilizobadilishwa.

Kisha ukaja mkutano wa Brussels uliomalizika tarehe 2 Julai 1890. Ulikuwa mkutano wa kupinga biashara ya watumwa, na ni kweli bunduki ziliangamiza vijiji vingi vya huku. Mataifa yalikataza kuingiza silaha za kisasa, hasa zenye mifereji, katika sehemu kubwa ya Afrika, toka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini. Sisi tuko katikati. Kitu kilichoweza kuruhusiwa kuuzwa kwa watu ni gumegume yenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Bunduki za mifereji zikawa za askari wa Bula Matari na za Wazungu wenye ruhusa.

Hapo mtutu laini na mtutu wa mifereji vikaacha kuwa habari ya ufundi tu. Vikawa mpaka kati ya watu. Wakati wawindaji wa Ulaya walipokimbilia Enklavi ya Lado, baada ya mfalme Leopold II kufa Desemba 1909, kuchinja tembo kwa karabini zao, babu zetu kama walikuwa na bunduki, ilikuwa laini. Kule Tanzania tulisikia watu wakisema gobole, na hapa tunasema pupu: zote ni watoto wa sheria hiyo na wa umaskini. Wahunzi wetu walitengeneza kwa bomba na chuma walichopata. Si kwamba hawakuwa na akili. Walikosa chuma kizuri, na walikosa nyumba ya kujaribia.

Komite ilitazama nini

Tunaelewa basi kwa nini ombi la mwenzetu liligusa roho za watu. Kutaka mifereji ni kutaka kitu tulichonyimwa. Lakini haki iliyonyimwa babu hairudishwi kwa mtutu utakaompasukia mjukuu. Mtutu laini uliokonda kwa miaka, bila jaribio, ukitiwa kartushi ya nguvu, hauulizi nani alionewa mwaka 1890.

Kuna jambo la pili. Sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 na ile ya silaha ya mwaka 1985 zinadai ruhusa, na karatasi za marehemu zinataja kalibre 12. Ukiigeuza kuwa karabini, karatasi hizo si zake tena. Katika eneo letu lenye vikundi vya silaha, mtu aliyeshika karabini isiyo na karatasi haulizwi habari za viboko. Sisi tuliokimbia mara moja tunajua mambo hayo yanavyoanza.

Kwa hiyo sanduku lilikataa kulipia mtutu, lakini halikumkataa mwenzetu. Alipewa mkopo wa mbegu na wa kuchimba mtaro upande wa ziwa, na majirani watano wamekubali kupokezana zamu za usiku pamoja naye, kwa moto na ngoma. Kitako kilichopasuka atakitengeneza yule fundi, maana mbao anaijua vizuri na hakuna aliyemdharau. Karatasi zitapelekwa teritware ziandikwe kwa jina la mtoto.

Bunduki ya baba inabaki kalibre 12, laini kama alivyoiacha. Zamu ya kwanza ya mtaro ni Jumamosi. Wenye majembe waje nayo.