Bastola ya Vita na Bastola ya Sinema

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Walisema hivyo juu ya vyombo vya baharini, lakini maana ya mithali hiyo yaenea mbali kuliko bahari. Mtu akaaye gizani katika jumba la sinema, akawatazama mashujaa wakisafiri baina ya nyota, huona vyombo vya ajabu mikononi mwao, naye hudhani vimezaliwa pamoja na ndoto ile. Sivyo. Kila kimoja kiliundwa na mafundi, tena mara nyingi kwa vitu vikuukuu vilivyokwisha kufanya kazi nyingine duniani.

Katika insha hii nataka kueleza habari za chombo kimoja tu, nacho ni bastola ya Han Solo, rubani mjanja wa filamu ya Star Wars, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Marekani tarehe 25 Mei 1977. Tutaona jinsi silaha ya kweli ya karne ya 19 ilivyogeuzwa kuwa silaha ya kubuni. Kisha tutaona jinsi watu wa leo wanavyochukua mfano wa bastola, ulioundwa kwa chuma na usioweza kupiga risasi, wakaufanyia kazi kwa subira mpaka ufanane na ile ya filamu. Ndani ya kazi hiyo mna swali limhusulo kila asomaye historia: nakala yaweza kuitwa sahihi kwa ushahidi gani?

Habari yaanza katika mji mdogo wa Oberndorf, kando ya mto Neckar, kusini ya Ujerumani. Hapo palikuwa na kiwanda cha silaha cha Mauser. Ndugu watatu wa ukoo wa Feederle, waliokuwa wakifanya kazi humo, walibuni bastola ya namna mpya mwaka 1895, na mwaka uliofuata ikaanza kutengenezwa kwa jina la C96. Bastola nyingi za siku zile zilikuwa na gurudumu la risasi lililozunguka kila mara kifyatulio kilipovutwa. Hii ilijiwekea risasi yenyewe kwa nguvu ya mshindo wake. Kikasha chake, ambacho kwa kawaida kilichukua risasi 10, kilikaa mbele ya kifyatulio, wala si ndani ya mpini. Mtutu wake ulikuwa mwembamba na mrefu. Mpini wake ulikuwa wa mviringo, hata wasemao Kiingereza wakaipa jina la utani, "mpini wa ufagio". Ala yake ya mbao iliweza kuungwa nyuma ikawa kitako, na bastola ikashikwa begani kama bunduki.

Kiwanda kiliendelea kuiunda mpaka mwaka 1937, zikapatikana bastola zipatazo milioni moja. Zilienea nchi nyingi. China ilinunua nyingi sana, na mafundi wa huko wakaziiga. Winston Churchill, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa na moja katika vita vya Omdurman, Sudan, tarehe 2 Septemba 1898. Bega lake lilikuwa limeteguka zamani alipokuwa India, kwa hiyo aliona bastola yamfaa kuliko upanga. Omdurman iko kando ya mto Nile, na maji yatokayo katika ziwa letu la Nyanza hupita hapo yakienda bahari ya kaskazini. Katika asubuhi ile moja Wasudani wapatao 10,000 waliuawa, wengi wao kwa mizinga na bunduki za mzinga. Nayasema haya ili msomaji asisahau asili ya chombo chetu. Kabla ya kuwa pambo la sinema, kilikuwa chombo cha kuulia watu.

Sasa na turuke miaka mingi mpaka mwaka 1976, twende Uingereza, katika studio za Elstree karibu na London. George Lucas, kijana wa Marekani, alikuwa akitengeneza filamu yake kwa fedha zipatazo dola milioni 11, kiasi kisichokuwa kikubwa kwa kazi aliyoikusudia. Filamu nyingi za anga za juu za siku zile zilionyesha vitu vinavyong'aa kana kwamba vimetoka dukani asubuhi ile. Lucas hakutaka hivyo. Alitaka ulimwengu uliochakaa, wenye vumbi, mafuta na mikwaruzo, ili mtazamaji aamini kwamba watu wameishi ndani yake.

Mmoja wa waliopewa kazi hiyo alikuwa Roger Christian, mpambaji wa mandhari. Fedha zilikuwa chache, na kuunda silaha mpya kwa mbao na plastiki kungegharimu sana na kutoa vitu vyepesi vya uwongo mtupu. Basi alikwenda kwa Bapty, kampuni ya London iliyokodisha silaha kwa wachezaji wa tamthilia na sinema. Humo alichagua silaha za kweli, akaziongezea vipande vya vitu vingine. Bunduki ya Sterling, ambayo jeshi la Uingereza lilikuwa limeipokea mwaka 1953, ikawa silaha ya askari wenye mavazi meupe. Mpini wa taa ya kupigia picha, uitwao Graflex, ukawa upanga wa nuru. Na Mauser ya mpini wa ufagio ikawa bastola ya Han Solo.

Mageuzi yenyewe hayakuwa makubwa. Mtutu ulifupishwa, na mbele yake pakafungwa kizuia mwako chenye umbo la faneli, kilichotoka katika bunduki ya mzinga ya ndege za Ujerumani iitwayo MG 81. Juu yake pakawekwa darubini ya kulengea shabaha, iliyotengenezwa na kampuni ya Hensoldt ya mji wa Wetzlar. Vipande vichache vidogo vikabandikwa ubavuni. Jambo la kuangaliwa ni hili: bunduki ya MG 81 nayo ilibuniwa na kiwanda kile kile cha Mauser. Hivyo kiwanda kimoja kilitoa bastola ya mwaka 1896 na kizuia mwako cha Vita Kuu ya Pili, na vyote viwili vikakutana mkononi mwa mtu asiyepata kuishi. Mwaka 1978 Roger Christian na wenzake watatu walipewa tuzo ya Oscar kwa upambaji wa filamu hiyo.

Walakini silaha hizo zilikuwa za kukodi. Kazi ilipokwisha zilirudishwa ghalani, zikafunguliwa vipande vyake, zikangojea filamu nyingine. Hakuna aliyejua kwamba siku moja zitatafutwa kama vitu vya thamani. Kwa filamu ya pili, ya mwaka 1980, watengenezaji walitumia nakala zilizofinyangwa kutoka katika mfano wa Mauser ulioundwa Japani. Hapo nakala ikazaa nakala.

Ndipo ilipoanza kazi ya wapenzi wa filamu. Mtu atakaye kuwa na bastola ya Han Solo nyumbani mwake hawezi kwa urahisi kununua Mauser ya kweli. Hiyo ni silaha, yahitaji kibali, na ni ghali. Tena kuikata Mauser nzima ya zamani ni kuharibu kitu cha historia. Basi wengi huanza na mfano wa chuma, kama ule utengenezwao na kampuni ya Denix ya kisiwa cha Menorca, Uhispania. Mfano huo una uzito wa kuridhisha na sura ya Mauser, lakini haukuundwa kupokea risasi wala hauwezi kuipiga.

Fundi huufungua kwa bisibisi, akaweka kila skrubu mahali pake. Kisha huubana katika jiliwa na kuupiga tupa, ili kuondoa mishono iliyoachwa na kalibu na kuzirudishia kingo ukali wake. Hukata mtutu kwa msumeno wa chuma, akaweka kizuia mwako kilichochongwa kwa alumini. Hapa hana budi kuijua tabia ya madini. Mifano hii kwa kawaida humiminwa kwa mchanganyiko wa zinki, nao huyeyuka kwa moto mdogo sana kuliko ule uyeyushao chuma cha pua. Fundi akijaribu kuuchomelea kama mlango wa chuma, ataona kazi yake ikitiririka kama nta. Kwa hiyo hutoboa kwa keekee, hufunga kwa skrubu na kuunga kwa gundi kali. Hata dawa ya kutia weusi ni mbali, kwa maana dawa ya chuma cha pua haishiki juu ya zinki. Tena dawa hizo zadhuru ngozi na mapafu. Mtu mwenye busara huvaa glavu na kufungua madirisha.

Mwisho wa yote ni kuchakaza. Fundi hachakazi ovyo. Hujiuliza: mkono wa mtu hushika wapi? Ala ya ngozi husugua wapi bastola ichomolewapo? Mahali hapo ndipo apitishapo sufi ya chuma mpaka weusi upauke, na penginepo huacha palivyo.

Lakini kazi ya mikono ni nusu tu. Nusu nyingine ni kutafuta ushahidi. Kwa muda mrefu bastola ya asili haikuwapo mbele ya watu ili ipimwe. Zilikuwapo picha tu. Basi wapenzi hao walifanya kama wafanyavyo wanahistoria. Walikusanya picha, wakazilinganisha, wakatumia hesabu ya uwiano. Tuseme kwamba katika picha kipande tukijuacho kina urefu wa milimita 20, na kipande tusichokijua kina milimita 35. Ikiwa kile cha kwanza kwa kweli ni milimita 40, basi cha pili ni milimita 70. Kwa kuwa Mauser na darubini ya Hensoldt ni vitu vya kiwandani vyenye vipimo vinavyojulikana, viliweza kuwa rula ya kupimia vile visivyojulikana. Hata hivyo yataka hadhari, kwa maana kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa kuliko kilicho mbali.

Tena palikuwa na shida nyingine. Mtu asemapo, "Nataka iliyo sahihi," hana budi kuulizwa, "Sahihi kwa picha ipi?" Bastola zilizotumiwa hazikuwa moja, na za filamu ya pili hazikulingana na za filamu ya kwanza. Aliyetazama nakala ya mwenziwe badala ya picha ya asili aliyarithi makosa ya mwenziwe, akawapa wengine. Jambo hili si geni kwetu. Tenzi zetu za kale, kama Al-Inkishafi, zilinakiliwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu, na leo wataalamu huziweka nakala mbalimbali bega kwa bega, kwa kuwa nakala moja hutofautiana na nyingine. Dawa ya shida hiyo ni moja, kwa tenzi na kwa bastola: kurudi kwenye ushahidi ulio karibu zaidi na asili, na kukiri wazi pale ushahidi unapokoma.

Mwezi wa Agosti 1922 hakuna aliyeijua bastola hii ya sinema; miaka mia baadaye, Agosti 2022, moja iliyosalimika iliuzwa kwa mnada Marekani kwa dola 1,057,500. Ya kale ni dhahabu, na hapa dhahabu hiyo ililipwa kwa kitu kilichopata kukaa ghalani kikingoja mkodishaji.

Kabla sijamaliza, sina budi kusema neno la onyo. Kadiri mfano ufananavyo na silaha, ndivyo uwezavyo kuleta msiba. Polisi aonaye bastola gizani hawezi kujua kwamba ni zinki tupu. Ndiyo maana Japani iliamuru mwaka 1971 kwamba mifano ya bastola ya chuma ipakwe rangi nyeupe au ya manjano, na mitutu yake izibwe. Marekani ilitunga sheria mwaka 1988 ya kutaka bastola za kuchezea ziwe na alama ya rangi ya machungwa. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2006, ilizuia kutengeneza na kuuza mifano inayofanana mno na silaha, ila kwa kazi kama za makumbusho, tamthilia na filamu. Hapa kwetu Kenya, sheria ya silaha, Sura ya 114, yamwadhibu atumiaye hata mfano wa silaha kwa nia ya kutenda uhalifu. Mwizi aliyeshika mfano hawezi kujitetea akisema, "Haikuwa ya kweli," kwa sababu hofu aliyoitia ilikuwa ya kweli.

Basi tofauti ya mwigaji mwema na mwovu haimo katika ustadi wao, kwani wote wawili waweza kuwa mafundi hodari. Imo katika unyofu. Mwema asema, "Hii ni nakala, asili yake ni hii, na ushahidi wangu ni huu." Mwovu ataka nakala yake ipokewe kama asili. Mwanafunzi aandikaye historia naye yumo katika njia panda hiyo hiyo kila ashikapo kalamu. Hakuyaona mambo ya kale kwa macho yake. Aunda mfano wake kwa vipande alivyovipata. Na aupige tupa vizuri, aupime kwa uangalifu, kisha awaambie wasomaji wake bila kuficha ni kipande kipi alichokikuta na ni kipi alichokiunda mwenyewe.