Wakaguzi Waliokosa Ofisi kwa Miaka Thelathini

Sisi watu wa redio tuna desturi moja ambayo huenda hujaitambua. Tunaposoma tarakimu kwa simu kutoka mashambani kuja studio, hatusemi "sitini" tukanyamaza. Tunasema "sitini, sita sifuri", maana laini ikianza kukwaruza, sitini na sabini hufanana mno. Maneno yale ya ziada hayaleti habari mpya. Yamewekwa kuilinda ile iliyokwisha kusemwa.

Mitambo nayo hufanya hivyo hivyo, na historia ya jambo hilo ndiyo niliyowaletea wiki hii.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, mwanahisabati Richard Hamming wa maabara za Bell huko Marekani alikuwa akiiachia mashine ya hesabu kazi zake mwishoni mwa juma, ofisi zikiwa tupu. Mashine ile iliweza kutambua kwamba imekosea, lakini ikishatambua iliitupa kazi hiyo na kushika nyingine. Jumatatu Hamming akifika, hakuna kitu. Akajiuliza: ikiwa mashine inajua kuna kosa, kwa nini isijue liko wapi? Jibu lake lilichapishwa mwaka 1950. Biti nne za habari, yaani zile sifuri na moja ambazo mitambo huzungumza, zinalindwa na biti tatu za ukaguzi. Kosa moja likiingia, linajulikana lilipo na kurekebishwa.

Mwenzake wa maabara hizo hizo, Claude Shannon, alikuwa amethibitisha mwaka 1948 kwamba kila njia ya mawasiliano, hata iwe na kelele vipi, ina kiwango chake cha kasi, na chini ya kiwango hicho makosa yanaweza kupunguzwa karibu yaishe kabisa. Alionyesha kwamba inawezekana. Namna ya kufanya hakuitoa.

Sasa mtu wangu wa leo. Robert Gallager, mwanafunzi wa chuo cha MIT, aliandika tasnifu yake mwaka 1960, ikatoka kama kitabu mwaka 1963. Wazo lake lilikuwa hili. Chukua maelfu ya biti, uziwekee wakaguzi wengi, lakini kila mkaguzi apewe biti chache tu za kuangalia. Mkaguzi akiona hesabu yake haikai sawa, anazipelekea biti zake ujumbe: "Nakushuku." Kila biti inasikiliza wakaguzi wake wachache, inapima, inawajibu. Ujumbe unakwenda na kurudi mara kadhaa mpaka wakaguzi wote waridhike.

Tazama uzuri wake. Hesabu ya kila mkaguzi ni ndogo, na wakaguzi wote wanaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Lakini hapo hapo palikuwa na mkosi, kwa sababu unahitaji maelfu ya wakaguzi, na kila mmoja ni kipande cha sakiti. Kwa vifaa vya mwaka 1960, nani angewajengea ofisi? Tasnifu ikakaa kabatini miaka zaidi ya thelathini, isipokuwa watu wachache kama Michael Tanner mwaka 1981 walioifungua.

Mlango uligongwa mwaka 1993 kutoka Ufaransa. Claude Berrou na wenzake walitangaza mjini Geneva msimbo uliokaribia sana kile kiwango cha Shannon, na wataalamu wengi hawakuamini. Nasisitiza kwamba Berrou alitoka upande wa kuunda sakiti za elektroniki. Alijua nini kinajengeka. Muda mfupi baadaye David MacKay wa Cambridge na Radford Neal wa Toronto wakaonyesha kwamba wazo la Gallager nalo linafika huko huko.

Basi mafundi wakajaribu kujenga. Mwaka 2002 Andrew Blanksby na Chris Howland walieleza chipu yenye wakaguzi wote kwa pamoja, kwa msimbo wa biti 1,024, ikishughulikia biti bilioni moja kwa sekunde. Maajabu! Lakini karibu nusu ya eneo la chipu halikujazwa sakiti, kwa sababu ya msongamano wa nyaya za kupeleka ujumbe. Tena ilijua msimbo mmoja tu. Ukibadilisha msimbo, unatupa chipu.

Dawa ilipatikana kwa kuwapanga wakaguzi kama vikosi vya askari. Kikosi kizima kinazungumza na kikosi kizima cha biti, na tofauti ni kwamba safu imesogezwa nafasi kadhaa, wa mwisho akizunguka kuwa wa kwanza. Kumbe hakuna haja ya waya kwa kila urafiki! Sakiti moja ya kuzungusha safu inatosha, pamoja na orodha ya mizunguko iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu. Badilisha orodha, umebadilisha msimbo, na chipu ni ile ile. Mfumo wa televisheni ya setelaiti wa DVB-S2 uliopitishwa mwaka 2005 ulijengwa hivyo, kwa vikosi vya 360 na viwango 11 vya ulinzi, kuanzia biti tatu za ulinzi kwa kila moja ya habari mvua inaponyesha, hadi moja kwa tisa mbingu ikiwa safi.

Wanahistoria huwapa sifa wanahisabati. Mimi nasema nusu ya sifa ni ya huyo aliyewaza safu inayozunguka, kwa sababu ndiyo iliyoshusha bei mpaka mwananchi akaweza kununua.

Na anayenunua chombo kisichobadilika huumia. Hapa Kenya utangazaji wa dijitali ulianza Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, kisha nchi ikahamia DVB-T2, unaotumia wakaguzi wa Gallager. Si msimbo peke yake uliobadilika, lakini king'amuzi cha kwanza hakikuwa na njia ya kufundishwa lugha mpya, na mwenye nacho alilazimika kurudi dukani.

Simu za 5G zimekwenda mbali zaidi: michoro miwili tu ya msingi, na vikosi vya ukubwa wa aina 51, kuanzia 2 hadi 384, vyote ndani ya chipu moja mfukoni. Gallager aliishi kuyaona hayo. Mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 88, alitunukiwa Tuzo ya Japani.