Ndiga Juu ya Moramu

Samaki hamngoji mtu. Kabla ya malori ya barafu kuanza kushuka hadi fuo za Karungu na Sori, mchuuzi aliyenunua ngege alfajiri alijua kwamba ana saa chache tu za kufika sokoni. Alifunga kapu kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, akatandaza majani mabichi juu yake, akaanza kupanda. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Kisii iko karibu mita 1,700. Kati ya hapo na pale ilikuwa moramu: changarawe nyekundu, vumbi, vijituta vinavyotikisa mpaka meno, na miteremko ambayo breki za vyuma hazikuiweza. Hapakuwa na bendera ya kuanzia mbio wala mtu mwenye saa mkononi. Aliyekuwa akishindana naye ni jua.

Nimemkumbuka mchuuzi huyo kwa sababu ya mchezo ambao siku hizi una jina kubwa Ulaya na Marekani: mbio za baiskeli za siku moja ambazo sehemu ya njia ni lami na sehemu ni changarawe. Huko unasimuliwa kama jambo jipya. Kwa mtu aliyekulia Migori au Homa Bay, lililo jipya ni kwamba kuna watu wanaotoa pesa ili wapite njia mbovu.

Ukweli ni kwamba mbio za zamani za barabarani zilikuwa za changarawe. Mashindano ya kuizunguka Ufaransa yalipoanza mwaka 1903, waendeshaji walipita kwenye vumbi na matope kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Wakati huo reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu, Desemba 1901, na kutoka hapo meli za ziwani ndizo zilizobeba mizigo hadi Kendu, Homa Bay na Karungu. Nchi iliyokuja kuitwa Nyanza Kusini ilifunguliwa kwa maji kwanza, barabara zikafuata. Kwa hiyo baiskeli zilizoshushwa gatini zilikuta vichochoro vya ng'ombe na njia za miguu, si barabara.

Waluo waliiita ndiga. (Msomaji wa mjini asiichanganye na ndinga, gari la lugha ya mtaani.) Mwanzoni ilikuwa ya chifu, mwalimu na katekista, mtu mwenye mshahara na suruali ya kubana kwa klipu. Ilikuwa Raleigh ya Nottingham. Baadaye zikaja za Kihindi na za Kichina, nzito, nyeusi, ndefu, zenye fremu ya kustahimili gunia la mahindi. Watu wakaipa jina la nyoka: Black Mamba. Jina hilo lilisambaa Kenya nzima, na mpaka leo katika mashindano mengi ya mashambani kuna kundi la wanaoendesha Black Mamba peke yao, bila gia, na aghalabu ndilo kundi linalopigiwa makofi zaidi.

Kisha baiskeli ikaanza kubeba watu. Biashara ya bodaboda ilizaliwa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, pale abiria walipohitaji kuvushwa kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Neno lenyewe ni la mpakani. Ilipoenea Nyanza ilikuta mahali palipoiva: miji midogo, vituo vya basi vilivyo mbali na vijiji, na vijana wasio na ajira. Keria ikavikwa mto wa sponji, mama akaketi upande na kikapu mapajani. Kijana aliyebeba abiria wa kilo 70 kwenye changarawe mara ishirini kwa siku alijenga mapaja ambayo kocha yeyote angeyatamani. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, ndiga ilianza kupoteza abiria wake, na katika miaka michache steji za Rongo, Awendo na Homa Bay zikawa za pikipiki. Naona ndipo shule kubwa kabisa ya uendeshaji baiskeli tuliyowahi kuwa nayo ilipofungwa, bila mtu kuiandikia hata tanzia.

Huko Ulaya wakati huo walikuwa wakienda kinyume. Lami ilikuwa imeshameza karibu kila kitu, na wapenzi wa mchezo wakaanza kuyatetea mabaki. Paris–Roubaix, iliyoanzishwa mwaka 1896, ilikuwa na chama kizima cha kulinda njia zake za mawe. Italia, mwaka 1997, Giancarlo Brocci alianzisha L'Eroica kijijini Gaiole, katika vilima vya Chianti, mkusanyiko wa watu wenye baiskeli za kale na jezi za sufu. Nia mojawapo ilikuwa kuziokoa barabara nyeupe za Toscana zisiwekwe lami. Kutoka hapo, mwaka 2007, zikazaliwa mbio za wataalamu ambazo leo zinaitwa Strade Bianche, zinazomalizikia kwenye uwanja wa kale wa Siena. Mshindi akishinda mara tatu, kipande cha changarawe hupewa jina lake. Fabian Cancellara wa Uswisi ndiye wa kwanza kuupata utukufu huo wa kuwa barabara.

Lakini mimi huvutiwa zaidi na Tro-Bro Léon, huko Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Jean-Paul Mellouët aliianzisha mwaka 1984 ili kuchangisha fedha za shule za Diwan, zinazofundisha watoto kwa Kibretoni, lugha iliyokuwa ikididimia mbele ya Kifaransa. Njia yake hupita kwenye vijia vya mashambani ambavyo wenyeji huviita ribinoù, na Mbretoni anayemaliza mbele ya wenzake hupewa mtoto wa nguruwe. Hapo kijia cha shambani, lugha ya nyumbani na mbio za siku moja vinafungwa kamba moja. Nikifikiria Suba, lugha ya Rusinga na Gwasi ambayo vizazi vimeiachia Dholuo nafasi, naiona Bretagne si mbali kiasi hicho.

Tofauti iko kwenye lami. Sijawahi kusikia mtu wa Homa Bay akiomba barabara yake ibaki moramu, na siwezi kumlaumu. Aliyembeba mgonjwa hospitalini usiku wa mvua hana hamu ya vumbi la kihistoria. Mkulima wa miwa wa Awendo hutaka lori lifike shambani kabla miwa haijakauka. Lami ilipofika Mbita, safari ya kutoka mjini Homa Bay iliyokuwa ikimaliza nusu siku ikawa ya muda mfupi, na hakuna aliyeomboleza. Mzungu wa Toscana huilinda njia ya vumbi kwa sababu amebakiwa na chache. Sisi tulikuwa na zote.

Hata hivyo changarawe ilirudi Kenya ikiwa imevaa jezi. Juni 2021 yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya Migration Gravel Race, siku nne katika nchi ya Wamasai karibu na Mara, upande wa mashariki wa Migori. Mmoja wa walioyaasisi, Mikel Delagrange, alikuwa mwanasheria wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Hoja ilikuwa rahisi na ya haki: vijana wa Afrika Mashariki hunyimwa viza na hawapati timu, basi mashindano na yaje kwao. Nahodha wa vijana hao, Suleiman Kangangi, maarufu Sule, alikuwa wa tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017, na kwenye moramu aliwapa wageni mashuhuri kazi ya kufanya. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka katika Vermont Overland, mbio za siku moja za changarawe Marekani, akafariki akiwa na miaka 33. Oktoba mwaka huohuo ubingwa wa kwanza wa dunia wa changarawe ulifanyika Italia. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yakaja Kigali, mara ya kwanza katika bara hili.

Kwa hiyo swali la Migori na Homa Bay si la ndoto. Njia tayari ipo, na nimeichora mara nyingi kwenye karatasi. Mtu angeanzia mjini Migori, aelekee Macalder kwenye dhahabu, kisha Thimlich Ohinga, kilomita zipatazo 46 kaskazini-magharibi mwa mji. Kuta zile za mawe, zilizopangwa bila udongo wa kushikanisha, zimesimama tangu takriban karne ya 16, baadhi zikiwa na kimo cha mita nne na zaidi, na tangu 2018 ziko katika orodha ya UNESCO. Kutoka hapo njia ingeshuka Bonde la Lambwe, ipite kando ya Ruma wanakolindwa swala aina ya korongo wa Kenya, halafu ishike lami hadi Mbita na kuvuka kuingia Rusinga, anakolala Tom Mboya. Changarawe, lami, changarawe: ndiyo hasa sampuli wanayoipenda Siena.

Waandaaji wangelazimika tu kuepuka Aprili na Mei. Udongo mweusi wa Lambwe ukilowa hujaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu ligome kabisa, hapo mtu huibeba baiskeli begani. Wazee waliokuwa wakipeleka samaki wanajua ni kilomita ngapi.