Kidahizo: Katavi, Katuma na Katumba

Panga majina ya Mkoa wa Katavi kwa utaratibu wa alfabeti na utakuta msongamano kwenye Kat-. Lipo Katavi lenyewe, kisha Katisunga, Katuma na Katumba. Mtu asiyeijua Mpanda na viunga vyake anaweza kudhani majina haya ni ya ukoo mmoja. Kinachoyakutanisha ukurasani ni herufi tu, na anayesimamia mkutano huo ni mtunga kamusi, kwa kutumia chombo kiitwacho kidahizo.

Kidahizo ni lile neno linalochapwa kwa wino mzito mwanzoni mwa maelezo katika kamusi ya kawaida au kamusi elezo. Neno hilo pamoja na maelezo yake yote huitwa kitomeo. Kwa hiyo Katuma ni kidahizo; Katuma pamoja na habari kwamba ni mto unaopita Sitalike na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako viboko hubanana kwenye madimbwi yake wakati wa kiangazi, ni kitomeo.

Vidahizo hupangwa herufi kwa herufi, na neno linaloishia njiani hutangulia lile linaloendelea. Ndiyo maana kata hukaa kabla ya Katavi. Katuma na Katumba huenda sambamba hadi herufi ya tano, ndipo a ya kwanza inapoishinda b ya pili. Mhariri akiidondosha hiyo b, makazi ya maelfu ya watu yanageuka mto wa viboko. Kosa la namna hii halionekani kirahisi, kwa sababu neno lililobaki nalo ni jina halali la mahali pengine mkoani humohumo.

Pagumu zaidi ni pale ambapo maandishi yanalingana kabisa. Kata ni eneo la utawala lenye diwani wake. Kata ni kitendo cha kutenganisha kwa kisu. Kata ni chombo cha kuchotea maji. Kata pia ni duara la nguo au majani linalowekwa kichwani chini ya mzigo. Maana ambazo hazina uhusiano na zimekutana katika umbo moja tu huitwa homonimu, na kila moja hupewa kidahizo chake chenye namba ndogo ubavuni.

Katavi ni jambo jingine. Inasimuliwa miongoni mwa Wabende kwamba Katabi alikuwa mwindaji mashuhuri, na kwamba roho yake inakaa katika mkwaju ulio karibu na ziwa, ambapo watu huacha sadaka. Jina limetoka kwake likaenda kwa ziwa, ambalo maji yake hupanda na kukauka kwa msimu. Kisha likachukuliwa na hifadhi iliyotangazwa mwaka 1974, ambayo tangu ilipopanuliwa mwaka 1998 ina kilomita za mraba 4,471. Mwaka 2012, Rukwa ilipogawanywa, mkoa mpya nao ukapewa jina hilohilo, makao yake makuu yakiwa Mpanda. Hapa maana zinazaana, nayo hali hiyo huitwa polisemia. Kidahizo kimoja kinatosha, na maana zifuatane ndani yake kuanzia roho hadi mkoa. Kuzipa namba kama za kata ni kukata uzi ambao wenyeji wenyewe bado wanaushika.

Lugha zetu za Kibantu zina tatizo lake la pekee, kwa kuwa herufi za mwanzo mara nyingi ni kiambishi. Mpimbwe ni mtu mmoja, na pia ni jina la halmashauri. Wenzake ni Wapimbwe, lugha yao ni Kipimbwe. Watu walewale wametawanywa kwenye M, W na K. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilikabili hali kama hii kwa kufuata mizizi, hivyo msomaji alitakiwa ajue kwanza kwamba mpishi anatokana na pika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 inaingiza nomino kama inavyotamkwa, pamoja na kiambishi chake. Mimi nauunga mkono utaratibu huu wa pili, kwa sababu mwanafunzi wa Inyonga anatafuta neno alilolisikia. Lakini kwa majina ya watu na lugha zao, kila kidahizo kimwelekeze msomaji kwa mwenzake kwa neno “tazama”.

Majina pia husafiri. Iko Katumba nyingine Rungwe, kwenye mashamba ya chai, na iko Mpanda nyingine nchini Burundi. Mabano baada ya kidahizo yanatosha kuyatenganisha, nayo yanahitaji kuangaliwa kila mipaka inapobadilika: “Mpanda (Rukwa)” ilikuwa sahihi hadi 2012.

Hata mabano yakiwa sahihi, maelezo yanaweza kubaki nyuma. Katumba ya huku ilianzishwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, kama zilivyoanzishwa Mishamo na Ulyankulu. Serikali ya Tanzania ikawapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo matatu, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kugawiwa. Mtoto wa Katumba anayefungua kamusi elezo na kukuta kwao pameelezwa kuwa “kambi ya wakimbizi” anaambiwa jambo lisilo kweli juu ya nyumbani kwao, na kitabu anachofundishwa kukiamini. Kitomeo hiki kinahitaji kuandikwa upya, na ningekiandika hivi:

Katumba (Nsimbo): eneo la Mkoa wa Katavi, lililoanza miaka ya 1970 kama makazi ya wakimbizi kutoka Burundi; wengi wa wakimbizi hao na wazao wao sasa ni raia wa Tanzania. Tazama pia Mishamo.