Soli Zilizotoboa Siri

Askari wa Kirumi hakuruhusiwa kuoa. Tangu enzi za Kaisari Augusto hadi mwishoni mwa karne ya 2, mwanajeshi wa kawaida alitakiwa amalize kwanza utumishi wake, miaka 25 hivi, ndipo afunge ndoa. Kwa mujibu wa sheria, basi, kambini walilala wanaume peke yao.

Matope ya Vindolanda yanasema vingine. Ngome hiyo iko kaskazini mwa Uingereza, karibu na Ukuta wa Hadrian, na ilijengwa mara ya kwanza mwaka 85 hivi. Kila kikosi kipya kilipoingia kilibomoa majengo ya mbao ya waliotangulia, kikafukia mabaki na takataka zao, kisha kikajenga juu yake. Chini kule pamelowa na hewa haipenyi, kwa hiyo ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti haikuoza. Hadi sasa vimefukuliwa viatu vipatavyo 5,000.

Vingi ni njumu za askari, soli nene zilizogongomewa misumari ya chuma. Lakini vimo pia viatu vya kike, na vya watoto wadogo. Nyumbani kwa mkuu wa kikosi hilo si ajabu, maana maofisa waliishi na wake zao. Hapo ndipo ilipookotwa sapatu nyepesi inayodhaniwa kuwa ya Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda Flavius Cerialis, miaka ya 100 hivi. Imepigwa mhuri wa fundi, Lucius Aebutius Thales. Inaelekea bwana huyu alijua kazi yake inauzika kwa jina. Kilichozua mjadala ni vile vilivyotoka kwenye mabweni ya askari wenyewe. Mtaalamu wa ngozi za kale Carol van Driel-Murray alivipima, akaonyesha kuwa wanawake na watoto waliishi mle mle ndani, ndoa ziwe zimeandikishwa au la.

Zaidi ya miaka 1,000 baadaye, nchi hiyo hiyo ilivamiwa na fasheni ya viatu vyenye ncha ndefu mbele. Jijini London, kando ya Mto Thames, vimepatikana vya karne ya 14 ambavyo ncha zake zilishindiliwa kuvumwani zisilegee. Mwaka 1463 utawala wa Mfalme Edward IV ulikataza watu wasio makabaila kuvaa ncha inayozidi inchi 2. Makasisi walikuwa wamekwisha kukatazwa viatu vya aina hiyo tangu Mtaguso wa Laterano wa 1215.

Safari hii ushahidi wa waliovaa viatu hivyo umo mifupani. Mwaka 2021 watafiti walitangaza matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 177 waliozikwa Cambridge na viunga vyake, wakitafuta nundu inayoota pale kidole gumba cha mguu kinaposukumwa upande, kama kwenye kiatu kinachobana mbele. Katika karne za 11 hadi 13 waliokuwa nayo ni asilimia 6; katika karne za 14 na 15, asilimia 27. Kwenye makaburi ya kijijini walikuwa asilimia 3 tu. Walioongoza, kwa asilimia 43, walizikwa kwenye nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino, pamoja na matajiri waliolipia nafasi humo.